Hotuba Juu ya Ilimu ya Rangi, Kama Ilivyotolewa na Mjuzi Wake

Mabwana na mabibi, nawahongera kwa bahati mliyoipata ya kuketi mbele yangu jioni hii. Kwani ilimu ya rangi, ambayo Newton aliigusa kwa ncha ya kidole tu alipoipasua nuru ya jua kwa kipande cha kioo, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1704, haikupata kutimia mpaka iliponifikia mimi.

Fahamuni kwamba kila rangi ina asili yake, nayo ni ile hali ya kuwa nyekundu, au manjano, au buluu, kabla haijaingiliwa na mgeni. Nyekundu ukiitia nyeupe hupauka ikawa waridi. Ukiitia nyeusi huzama ikawa damu ya mzee. Ukiitia zote mbili hupoa, ikakosa ule ukali wake. Munsell wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1905 kwa vipimo vitatu, yaani asili, mwanga na ukali, nami namsamehe kwa kunitangulia.

Walakini jahili hudhani kuwa nyeusi ni mtumishi mtiifu. Hasha! Itieni katika manjano, mtaona yanageuka kijani cha zeituni. Fundi aliyekuwa akipaka baraza yangu aliniuliza kama aongeze nyeupe au aache. Nami, kwa kumhurumia, nikamfasiria misingi yote tangu Newton hata Munsell, hata rangi ikaganda mkebeni na ukuta ukabaki nusu, naye kwa utovu wa adabu akanidai ujira wa siku nzima.

Tena kuna taathira ya ujirani. Chevreul, msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alipoletewa mashtaka kwamba nyeusi yake ni dhaifu, alichunguza akabaini kuwa ila haikuwa katika nyeusi yenyewe bali katika rangi zilizofumwa kando yake, akatunga kitabu kizima mwaka 1839. Wanawake wa Unguja na Mombasa, wavaao kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, huijua taathira hiyo kwa kutupa jicho mara moja dukani, jambo ambalo mimi silihesabu kuwa ni ilimu, maana halina tanbihi.

Mwenye swali na aliandike, alitie katika bahasha pamoja na shilingi tano. Na yule fundi aliyesimama mlangoni asipewe nafasi ya kusema.