Kamba ya Kukhu Kanga

Siku ya Madaraka, Juni 1, 2013, Simba alipanda kichuguu akatangaza: tangu leo kila jike atajifungua bure katika zizi la serikali. Vigelegele vikapaa kutoka mashamba ya mahindi ya Kitale hadi miwa ya Bungoma. Majike walistahili kushangilia. Walikuwa wamelilia jambo hilo miaka mingi, wakakesha vikaoni mpaka afya ya uzazi ikaandikwa kuwa haki katika Katiba ya 2010, kifungu cha 43.

Kanga mmoja wa Kitale, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Kukhu, yaani bibi, alisubiri kelele zitulie. "Mzee Simba, na nyasi za kulalia atatoa nani?"

Fisi, mshika funguo za ghala, akamwahi. "Kukhu, leo sikukuu. Nyasi tutazungumza kesho."

Agosti mwaka uleule Mbuzi alifika zizi la Bungoma, uchungu umemkaza. Akaambiwa anunue pamba mwenyewe. Vitanda vilikuwa vimejaa. Uchungu ulipozidi aliinuka, akajikokota kuelekea chumba cha kuzalia, akaanguka kwenye korido. Akazaa pale pale, juu ya sakafu tupu. Korongo wawili wenye sare wakaja wakimfokea na kumpiga makofi, eti amechafua sakafu.

Hapa nasimama kidogo, maana hili halikutungwa. Lilimpata mwanamke wa Bungoma, na Wakenya waliiona video yake. Kila nikilikumbuka, koo hunikauka.

Miezi ikapita. Kukhu alimkuta Mbuzi bado amejifungia ndani.

"Kukhu, naona haya."

"Haya ni ya waliokuona wakapita, mwanangu."

Usiku huo majike wa chama cha Kukhu walisokota kamba ya katani. Kila aliyezaa bila kitanda alipiga fundo. Alfajiri kamba ilikuwa nzito kama mnyororo, wakaibeba hadi kwa Bundi, jaji wa Bungoma. Hiyo ilikuwa 2014.

Fisi alijitetea kwa sauti laini. Tangazo lilikuwa jema, alisema. Wenye makosa ni Korongo peke yao. Wengi wakatikisa vichwa kumkubali, kwa kuwa ni rahisi kumchukia anayepiga kofi kuliko anayefunga ghala.

Bundi hakutikisa kichwa. Aliuliza zilitengwa nyasi kiasi gani, na nani alitumwa kukagua mazizi. Kesi ikala miaka minne. Machi 22, 2018, akatoa hukumu: utu wa Mbuzi na haki yake ya afya vilivunjwa, na lawama haikuishia kwa Korongo. Serikali ya Simba na ya kaunti zilishindwa kutenga nyasi za kutosha na kusimamia zilichoahidi. Mbuzi aombwe radhi, alipwe shilingi milioni 2.5.

Majike walicheza mpaka vumbi likafunika njia. Mbuzi mwenyewe alikaa kando, mtoto wake, sasa mkubwa, akimchungulia usoni.

Kukhu hakumaliza ngoma. Aliizungusha kamba shingoni, akashika njia ya kurudi Kitale, na katika zizi la kwanza alilolikuta akaingia bila hodi. Akainama, akaingiza bawa chini ya jike aliyekuwa akigugumia kwa uchungu, akapapasa. Nyasi zilikuwa kavu, safi, za kitanda kimoja. Majike walikuwa watatu.

"Mulembe," akawasalimu, akakaa chini kati yao, akaitafuta ncha ya kamba.