Sifa za Pasnipu, Mzizi wa Sarafu Ishirini

Koliflawa haijawahi kukosa watetezi. Tunda la kale, linalouzwa sarafu 550 na kupanda bei mara tatu likishageuzwa mvinyo, halihitaji wakili. Pasnipu ndiyo isiyo na mtu. Ni mzizi mweupe unaofanana na karoti iliyopauka, hununuliwa kwa sarafu 20, huuzwa kwa 35, na mchezaji akishapata kitu kingine cha kupanda huisahau kabla udongo haujakauka. Haki haijatendeka, na kuna ushahidi.

Katika Stardew Valley, mchezo wa kompyuta wa ukulima ambao Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka 4 na kuutoa Februari 2016, pasnipu ndiyo inayompokea mgeni. Mchezaji anaamka kwenye shamba alilorithi kwa babu yake, limejaa magugu, mawe na visiki. Mfukoni ana sarafu 500. Sakafuni kuna kifurushi kutoka kwa Meya Lewis: mbegu 15 za pasnipu. Mchezo huo ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 41 kufikia Desemba 2024, kwa hiyo ni vigumu kuutaja mzizi mwingine uliowahi kupandwa na watu wengi kiasi hicho ambao hawajui ladha yake.

Ikumbukwe kwamba pasnipu halisi, ile ya mashambani Ulaya, ni kiumbe msumbufu. Mbegu zake huchukua wiki kadhaa kuchipua na huharibika upesi zikiwekwa ghalani. Mzizi hukaa ardhini miezi minne au zaidi, ukingoja baridi kali iugeuze wanga wake kuwa sukari. Utomvu wa majani yake huunguza ngozi penye jua. Barone aliutazama mmea huu mvivu na mkali, akaupa siku 4 za kukomaa. Wapo wanasiasa waliosafishiwa jina kwa gharama kubwa zaidi na wasing'ae hivyo.

Na siku hizo 4 ndizo fahari yake yote. Wachezaji wanaojiona werevu hulinganisha faida ya mche mmoja na mche mwingine: pasnipu inaleta sarafu 15, koliflawa inaleta 95, basi mjadala umefungwa. Haujafungwa. Mbegu ya koliflawa ni sarafu 80 na hukaa shambani siku 12. Mwenye sarafu 80 hizo hizo siku ya kwanza anaweza kununua mbegu 4 za pasnipu. Siku ya 5 anavuna na kuuza kwa 140, ananunua mbegu 7. Siku ya 9 anapata 245, ananunua 12 na kubakiwa na sarafu 5. Siku ya 13 jirani yake anang'oa koliflawa yake moja, kubwa, ya kupigwa picha, yenye thamani ya sarafu 175. Mwenye pasnipu amefikisha 425.

Kuna la ziada ambalo halionekani kwenye hesabu. Pierre, mwenye duka la mbegu, hufunga kila Jumatano, na wengi wamegonga mlango wake bure siku hiyo. Pasnipu iliyopandwa siku ya kwanza, ambayo ni Jumatatu, huiva Ijumaa. Ikirudiwa, huiva Jumanne. Hata ratiba ya muuza duka inaiheshimu.

Wapinzani watasema, na hawatakosea, kwamba mtaji huo umezunguka kwa jasho. Miche 23 ikimwagiliwa mara 4 kila mmoja ni mimwagilio 92. Koliflawa ile iliridhika na 12. Kila mmwagilio unamla mkulima mgeni nguvu 2 kati ya 270 alizoamka nazo, na kopo lake la kwanza lina maji ya mara 40 tu kabla hajarudi bwawani. Tena ukipima faida ya shimo moja kwa siku moja, koliflawa inaleta karibu sarafu 8 na pasnipu haifiki 4. Yote ni kweli. Lakini hayo ni malalamiko ya mtu ambaye tayari ana fedha na amepungukiwa na mikono. Siku ya kwanza mambo yako kinyume: ardhi ni bwerere, jua ni refu, hakuna anayemjua mgeni huyu kijijini, na kinachokosekana ni sarafu. Mwekezaji anayeanza kwa kuuliza mche upi una faida kubwa ameruka swali la kwanza, la kwamba yeye mwenyewe ana uhaba wa nini.

Hata asiyetaka hesabu anaangaliwa. Kunguru wa mchezo huu huhesabiwa kwa kila miche 16; shamba lenye miche 15 halimvuti hata mmoja. Meya ametoa mbegu 15. Kila pasnipu inayovunwa huongeza alama 8 za ujuzi wa kilimo, na kiwango cha kwanza hufikiwa kwa alama 100, ambacho ndicho kinachomfundisha mkulima kuunda sanamu ya kufukuzia ndege. 8 mara 15 ni 120. Yaani zawadi ile ya dharau inakaa salama dhidi ya kunguru kwa idadi yake, kisha inalipia ulinzi wa mazao makubwa yatakayokuja baadaye kuicheka. Mwenye pupa anayeongeza mbegu nyingine 25 siku hiyo hiyo na kuwalisha kunguru asiilaumu pasnipu.

Halafu kuna Pam. Dereva huyu wa basi, anayeishi na bintiye kwenye nyumba ya tela na kumalizia jioni zake baa, ndiye pekee kijijini anayependa pasnipu kwa dhati. Kwake ni zawadi ya daraja la juu kabisa, sawa na bia. Basi lake limeharibika mpaka mchezaji alipie matengenezo ya jumla ya sarafu 42,500. Likishatengemaa linakwenda jangwani, na huko ndiko zinakouzwa mbegu za tunda la nyota kwa sarafu 400 kila moja. Matajiri wote wa Stardew Valley wamepandishwa basi na mwanamke aliyeridhika na mzizi wa sarafu 20.

Wanaoiruka hukutana nayo tena kwenye ukumbi wa jumuiya. Banda la kioo, ambamo mazao hukua mwaka mzima na ambamo kila mwenye ndoto ya mvinyo wa tunda la kale anataka kuhamia, hutolewa kwa anayejaza mafungu yote ya stoo ya ukumbi huo. Katika mpangilio wa kawaida, fungu la mazao ya majira ya kuchipua linadai koliflawa moja, kiazi kimoja, haragwe bichi moja, na pasnipu moja. Pasnipu hukua majira hayo pekee. Aliyeidharau hadi siku ya 28 itambidi asubiri mwaka uzunguke, maana banda ambalo lingemkuzia pasnipu wakati wa theluji ndilo banda analonyimwa kwa kukosa pasnipu. Anaweza kuliuza pambano zima kwa kujiunga na duka kubwa la Joja. Au anaweza kumvizia mchuuzi wa mkokoteni, anayefika Ijumaa na Jumapili na bidhaa za bahati nasibu, akiomba awe nayo. Mchuuzi huyo hauzi pasnipu chini ya sarafu 100, na wateja hulipa bila kunung'unika.