Mwongozo kwa Aliyeambiwa "Ni Mistari Miwili Tu"

Hongera. Ofisi imepata wakala wa akili mnemba, fundi ameshaunda zana ya kumwezesha kutafuta ndani ya mafaili ya Excel, na wewe, kwa kuwa unajua kuandika, umepewa kazi ya kuiandikia maelezo. Umeambiwa ni mistari miwili tu. Agiza chai.

Kwanza, mjue msomaji wako. Umezoea kuwaandikia binadamu, ambao hufungua ukurasa wa kwanza, wakaona maneno ni mengi, wakampigia simu kijana wa IT. Wakala hana namba ya kijana huyo. Atasoma kila neno, na ataamini yote. Tangu uanze kazi hujawahi kusomwa hadi nukta ya mwisho. Ogopa.

Pili, jina. Fundi kaiita zana "tafuta", na tayari zipo "tafuta_data" na "tafuta_mpya". Wakala huchagua kwa kusoma jina na maelezo basi. Andika zana inafanya nini, itumike lini, na isitumike lini. Omba ruhusa ya kuifuta "tafuta_mpya". Utaambiwa kuna mtu anaitumia. Usimtafute.

Tatu, tarehe. Eleza kwamba Excel haihifadhi tarehe, inahifadhi namba: 1 ni Januari 1, 1900, na kuendelea. Ongeza kwamba inaamini kulikuwa na Februari 29, 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo. Kosa hilo lilirithiwa makusudi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ili mafaili ya zamani yasivurugike. Fafanua pia kwamba 3/4/2024 ni Aprili 3 kwa mhasibu wenu na Machi 4 kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani. Usitaje mafaili ya zamani ya Mac yanayohesabu kuanzia 1904, isipokuwa kama mnayo. Mnayo.

Nne, namba za watu, na hapa vuta kiti. Excel hushika tarakimu 15 tu. Zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ina tarakimu 20. Aliyeichapa bila kuifanya maandishi kwanza aliona 1.99E+19, akahifadhi faili, akaenda kula. Na kwa kuwa namba hiyo huanza na tarehe ya kuzaliwa, waliozaliwa siku moja sehemu moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Simu nazo: 0754 imekuwa 754 kwa sababu sifuri ya mwanzo haina thamani machoni pa Excel, na zamu ya jioni huandika +255. Usijaribu kuibadili Excel tabia. Mwaka 2020 wataalamu wa majina ya jeni waliamua MARCH1 iitwe MARCHF1, maana Excel ilikuwa ikiisoma kama Machi 1. Waliona ni rahisi kuzipa upya majina jeni za binadamu kuliko kubishana nayo, na wale walikuwa na maabara.

Tano, rangi. Zana inasoma maandishi, rangi haizioni. Nenda kwa Mama Neema wa uhasibu, umuulize kwa adabu njano maana yake nini. "Mwanangu, si inajulikana?" Ngoja. Njano ni aliyelipa. Nyekundu ni aliyelipa nusu. Njano iliyofifia ni shemeji wa bosi, asisumbuliwe. Ukiwa hapo hapo, uliza kuhusu visanduku vilivyounganishwa, maana "Kanda ya Ziwa" imeandikwa kwenye kisanduku cha juu tu na mistari yote ya chini yake, kwa mashine, ni mitupu. Uliza pia kuhusu mistari ya JUMLA iliyokaa katikati ya majina. Usipoieleza, wakala ataripoti kwamba mteja wenu mkubwa kuliko wote ni Bwana Jumla.

Sita, eleza zana inarudisha nini isipopata kitu. Ikinyamaza, wakala atahitimisha kwamba deni halipo, na mdaiwa hatapinga. Eleza pia ikomee wapi: shiti moja ina nafasi ya mistari 1,048,576, na wakala akimwagiwa yote atasahau alichoulizwa. Fundi ataweka kikomo cha mistari 50. Mlazimishe aifanye zana iseme imebakiza mingapi. Akikuambia unakuza mambo, mkumbushe Uingereza, Oktoba 2020: karibu visa 16,000 vya Uviko-19 vilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu vilipitishwa kwenye faili la .xls, lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje, kimya kimya. Fundi atatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha ataacha 50 kama ilivyo.

Mwisho, taja faili lenyewe. Ni MAUZO_final, si MAUZO_final_mpya, wala MAUZO_final_mpya2 lililo kwenye flashi ya bosi. Andika wazi kwamba madeni yako safu D. Jaribu swali moja, jibu litakuja sahihi, watu watapiga makofi. Jumatatu Mama Neema ataingiza safu ya simu kati ya C na D, maana imekuwa ikihitajika siku nyingi, na hatamwambia mtu. Maelezo yako yataendelea kusema D. Wakala, anayekuamini kuliko yeyote hapo ofisini, atajumlisha namba za simu za wateja wote na kumtumia bosi ripoti ya madeni.