Heshima kwa Kibao cha Desemba

Kuna vitu vimesifiwa kupita kiasi katika lugha hii: mvua za vuli, mama mzazi, subira, kahawa ya Kilimanjaro. Kibao cha Desemba hakijapata hata ubeti mmoja wa shukrani. Nausemea ule wimbo unaotoka mwishoni mwa Novemba, wenye kiitikio cha maneno manne ambayo mawili kati yake si maneno, unaopigwa kuanzia stendi hadi kwenye sherehe ya kipaimara, na ambao ikifika Siku ya Mapinduzi humpati mtu wa kukiri kwamba aliupenda. Wazee wanauita kelele. Walimu wanauita mmomonyoko wa maadili. Mimi nasema hatujapata kiongozi bora kuuzidi, na nina sababu zangu.

Tuanze na ukoo, maana msifiwa lazima awe na ukoo. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Vanilla Ice, “Ice Ice Baby”, akautia mistari ya Kiswahili, na wengi wanaosimulia habari za rap ya Kiswahili huanzia hapo. Vanilla Ice naye alikuwa amebeba mlio wa besi wa Queen na David Bowie bila kubisha hodi. Kwa hiyo kibao chetu ni mjukuu wa kitu kilichochukuliwa bila ruhusa, na damu haipotei: hadi leo hakiombi ruhusa kuingia sikioni mwa mtu.

Waliokianzisha waliitwa wahuni, kisha wahuni wakaanza kuitwa waheshimiwa. Rapa Sugu akaingia bungeni 2010 kutoka Mbeya Mjini, Professor Jay akamfuata 2015 kutoka Mikumi, na MwanaFA, aliyechaguliwa Muheza 2020, akateuliwa 2023 kuwa Naibu Waziri katika wizara yenye dhamana ya sanaa. Kwaya ya kijijini kwetu imeimba kwa sauti nne, kwa nidhamu na kwa majoho yaliyopigwa pasi, tangu babu zetu wakiwa vijana. Haijatoa hata diwani.

Kuna wanaolalamika kwamba waimbaji wa siku hizi hawana sauti, kwamba mashine ndiyo inayowaimbia. Hao hawajui heshima ya mashine yenyewe. Auto-Tune ilitoka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa ametumia miaka yake ya nyuma kuchambua mawimbi ya mitetemo ya ardhi ili kampuni za mafuta zijue pa kuchimba. Hesabu zilizosaidia kusoma mwangwi wa miamba ndizo zilizomwezesha kupima sauti ya mtu na kuirudisha kwenye mstari. Mwaka uliofuata Cher akaimba “Believe”, dunia ikasikia sauti inayopinda kama bati, na tangu hapo hakuna kijana aliyezuiwa kuwa mwimbaji kwa kosa dogo la kutojua kuimba. Niambie ni taaluma gani nyingine imefungua milango namna hiyo. Udaktari bado unadai masomo.

Lakini mahali pa kukiona kibao katika utukufu wake ni ndani ya basi la kwenda Moshi, wiki ya Krismasi. Basi limetoka Mbezi alfajiri, abiria wamejaa, kwenye njia ya katikati kuna mabegi, boksi la televisheni ya kupelekea wazazi, na mtoto wa mtu ambaye hajulikani ni wa nani. Kioo kilichoning’inia nyuma ya dereva kinaonyesha video: vijana wanane wanacheza mbele ya gari ambalo si lao, kwenye nyumba ambayo si yao. Konda ana flashi moja. Katika flashi hiyo kuna nyimbo nyingi, ila zinazopigwa ni chache, na kati ya hizo chache kuna moja inayorudi kila baada ya kituo. Kuanzia Chalinze unaichukia. Segera unajikuta unasubiri sehemu ile ya katikati ambapo biti linakatika kidogo halafu linarudi. Korogwe mama aliyekaa dirishani, aliyekuwa anasoma Zaburi, anagonga kidole kwenye jalada la Biblia. Mkifika Same basi zima linaitikia, na yule bwana aliyevaa suti, aliyesema kwenye simu kwamba yeye ni mkurugenzi, ndiye anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ikitokea konda ni kijana wa Manzese au Mbagala, atawawekea singeli, na hapo mambo hubadilika kabisa. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Basi, kwa mujibu wa sheria, halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wana kifaa chao cha kuhakikisha. Matokeo yake ni kwamba roho za abiria hufika Moshi mapema, zikakaa stendi zikisubiri miili. Nimeona bibi mmoja akishuka pale Himo anatembea kwa mwendo ambao hakupanda nao.

Sasa ingia nyumbani. Watu wa Kilimanjaro tunarudi Desemba kwa sababu zinazojulikana: kuonana, kusali, kuchinja, kunywa mbege, na kukumbushana ni nani aliyesogeza mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo. Kikao cha ukoo kinakaliwa, wanaume kwenye viti, baba mkubwa akiwa na daftari la mwaka 1987 lenye michoro ya migomba. Hoja zinapanda. Mtu anataja marehemu. Kila mwenye akili anajua kwamba neno moja zaidi na Krismasi itakuwa imekwisha. Hapo ndipo kijana aliye jikoni, anayegeuza ndafu na ambaye hakualikwa kwenye kikao kwa sababu hajaoa, anaposukuma sauti ya spika hadi mwisho. Baba mkubwa anafungua mdomo na hasikiki. Baba mdogo anamjibu na hasikiki. Wanatazamana. Shemeji mmoja anaanza kutikisa bega. Kesi inaahirishwa hadi Desemba ijayo, kama ilivyoahirishwa Desemba iliyopita, na hakuna aliyeshindwa. Mabaraza ya kata yana wajumbe, mihuri na posho, na bado watu hutoka humo hawasalimiani.

Mwaka 2020 kibao kilivuka hata mipaka ya umri. Tarehe 30 Novemba Diamond Platnumz alitoa “Waah!” akiwa na Koffi Olomide, ambaye mwaka huo alikuwa ametimiza miaka 64. Watoto walimjua Diamond, wazazi walimjua Koffi, na kila upande ukadhani wimbo ni wake na wenzao wamekaribishwa tu. Nilimwona mzee wa makamo akiwafundisha wajukuu namna ya kuzungusha kiuno kwa utaratibu, kwa maelezo, kama anayefundisha kupogoa kahawa. Wajukuu nao wakamwonyesha ya kwao. Kabla ya hapo salamu kati yao ilikuwa “shikamoo”, “marahaba”, kila mtu akarudi kwenye simu yake. Miaka minne nyuma, “Salome” ya Diamond na Rayvanny ilikuwa imewafanya vijana wa mjini waimbe jambo lililoanza kwa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya, bila wao kujua kwamba wanahifadhi utamaduni. Wangejua wangeacha.

Na kama ni umoja wa Afrika Mashariki, tusimsahau Mr Nice. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliuita mtindo wake Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, akawachezesha watoto wa nchi zote tatu kwenye viwanja vya sikukuu. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi 2005. Mawaziri walichelewa.

Wakenya wana ushahidi mzito zaidi kwamba wimbo unaweza kuongoza. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa “Unbwogable”, wimbo wa Kijaluo na Kiingereza wa vijana wawili wanaojigamba kwamba hawatishiki. Upinzani uliokuwa umeungana chini ya NARC ukaudaka ukaufanya wa kwake. Tarehe 27 Desemba, nyama ya Krismasi ikiwa bado haijaisha sufuriani, watu wakaenda kupiga kura, na KANU iliyokuwa madarakani tangu 1963 ikatoka. Tarehe 30 Mwai Kibaki akaapishwa Uhuru Park. Wasomi watawaeleza kwamba kulikuwa na sababu nyingine, na sibishani nao, ila sijawahi kusikia umati wa watu ukiimba makala ya msomi.

Mtu atauliza: kitu hiki kinapataje nguvu? Wanasayansi wamelishughulikia suala hili kwa uzito linaostahili. Mwaka 2016 Kelly Jakubowski na wenzake, nchini Uingereza, walichambua majibu ya watu wapatao 3,000 kuhusu nyimbo zinazowaganda kichwani. Wakakuta kwamba nyimbo za namna hiyo huwa na mwendo wa haraka, sauti yake hupanda na kushuka kwa njia ambayo sikio limeshaizoea, kama nyimbo za watoto, halafu mahali fulani inaruka ghafla kwa namna isiyotarajiwa. Ni kazi nzuri. Mtayarishaji P-Funk wa Bongo Records alikuwa akiwagandisha watu miaka mingi kabla ya utafiti huo, na hakuomba ruzuku.

Wenzao wa Chuo Kikuu cha Reading walikuwa wametangulia na dawa. Mwaka 2015 waliripoti kwamba mtu akitafuna bigijii wimbo hupungua kichwani, kwa sababu taya lililo na kazi huzuia ile sauti ya ndani inayoimba kimyakimya. Shangazi yangu, mwanamke wa vitendo, alinunua pakiti nzima kwenye duka la jirani. Tulipomtazama jioni alikuwa anatafuna kwa kufuata mapigo. Dawa ya Reading haikujaribiwa kwetu Marangu.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliupiga marufuku wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond, kwa maelezo kwamba una maneno yasiyofaa. Desemba mwaka huohuo wakaupiga jukwaani, tena Mwanza kwenyewe, na baraza likawafungia wasanii wenyewe wasifanye maonyesho. Januari 2019 kifungo kikaondolewa. Sitaki kulikosoa baraza, kwa sababu hakuna aliyeutangaza wimbo ule vizuri kama lenyewe. Wazazi ambao wasingeusikia kamwe waliwaita watoto wao na kuwauliza ni wimbo gani huo uliofungiwa, watoto wakawawekea ili wajue cha kuepuka, na wazazi wakaomba urudiwe ili waelewe ubaya wake vizuri. Mtaani kwetu ulieleweka kwa wiki tatu mfululizo.

Nakiri upande mmoja ambao hata wakili wa kibao hawezi kuutetea kwa urahisi, nao ni mashairi. Kijana anaweza kutaja katika wimbo mmoja gari, saa, chupa, makalio na jina lake mwenyewe, kisha akarudia jina lake kwa wasiwasi kwamba tumelisahau. Kanuni za vina na mizani alizozipigania mshairi Kaluta Amri Abedi zimelala kaburini bila maua. Lakini tazama faida. Shairi zuri linakudai ukae, ufikiri, urudi nyuma, ujiulize ulivyoishi. Nani ana nafasi hiyo akiwa amebeba ndizi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine? Kibao cha Desemba hakimdai mtu chochote. Kimeshafikiri kwa niaba yako, na kwa kuwa hakikufikiri sana, hamkuchelewa.

Nilisema ni kiongozi bora, na sasa fikiria muda wake wa kukaa madarakani. Kinaingia bila kampeni ya vibao vya barabarani. Kinatawala wiki tano hivi, nchi nzima, kwenye daladala, saluni, baa, uani kwa mchungaji na ndani ya simu ya mlinzi wa usiku. Hakina upinzani, ila hakijamfunga mpinzani hata mmoja. Halafu Januari inaingia na ada za shule, sare, madaftari na kodi ya pango, na kibao kinaondoka. Hakisingizii kwamba wananchi wanakiomba kiendelee. Hakibadili katiba. Unaamka asubuhi ya tarehe 15, unajaribu kukiimba bafuni, na unakuta umebaki na neno moja na nusu. Jukwaa liko wazi kwa mwingine.

Kwa hiyo, msomaji, Desemba hii ukipanda basi pale Mbezi na konda akaongeza sauti, usijifanye umelala wala usimwombe apunguze. Una safari ya kutwa nzima mbele yako na kikao cha kihamba mwisho wake. Jifunze kiitikio mapema, kabla ya Chalinze.