Waraka kwa wakurugenzi wa GameStop

Waheshimiwa wakurugenzi,
Grapevine, Texas.

Nawaandikia kuhusu Game Informer, jarida la gemu mlilolifunga tarehe 2 Agosti 2024.

Kwa kufunga maduka yenu ya gemu siwalaumu. Mchezaji wa leo hupakua gemu akiwa sebuleni kwake, na tangu 2020 iko PlayStation 5 isiyo na mahali pa kutia diski. Nanyi mliishi kwa gemu zilizokwisha chezwa: kijana analeta ya zamani, anakatiwa bei ya mpya, ile ya zamani inarudi rafuni na kuuzwa tena. Gemu iliyopakuliwa haina mkono wa pili. Wauzaji wenu wa kaunta waliliona hilo kabla yenu.

Jarida ni habari nyingine. Lilianza 1991 katika maduka ya FuncoLand, mkalirithi pamoja na maduka hayo. Lilipata mamilioni ya wasomaji kwa sababu kila mteja aliyefika kulipa aliulizwa na muuzaji wenu kama angependa kujiandikisha. Miaka 33 ya mahojiano, picha na tathmini! Waandishi wakaitwa kikaoni Ijumaa, wakaambiwa imekwisha. Na aliyefungua makala yoyote ya zamani mtandaoni akakuta ujumbe mmoja tu wa kwaheri. Muuza duka akishindwa hufunga mlango akaondoka. Nyinyi mlifunga mlango, mkachoma na daftari.

Msiseme fedha zilikosekana. Mei na Juni mwaka huohuo wa 2024 mliuza hisa mkakusanya zaidi ya dola bilioni 3, na mwaka uliofuata mkanunua Bitcoin 4,710. Kuziacha makala zisomeke kungewapunguzia nini?

Nazo makala hizo ni kumbukumbu: anayetaka kujua gemu ilipokelewaje wiki ilipotoka, kabla haijapata sifa wala lawama, atalipata hilo katika majarida ya wakati ule.

Machi 2025 kampuni ya Gunzilla Games ililichukua jarida, ikawarudisha waandishi na makala zao. Nawashukuru kwa dhati kwa kukubali kuliuza. Ningewashukuru zaidi kama mngetafuta mnunuzi kabla ya kulizima.

Nina ombi moja. Huko California kuna Video Game History Foundation, yenye maktaba ya majarida ya namna hii. Kama maghalani mwenu yamesalia makasha ya matoleo ya zamani, picha au barua za wasomaji, wapelekeeni kabla hamjafunga ghala jingine.

Wasalaam,
Msomaji