Jinsi ya Kuiibia Silabasi Dakika Ishirini za Dini

Mwalimu mwenzangu wa saikolojia mwaka wa kwanza, sogea nikunong'oneze. Kitabu ulichokabidhiwa kimeandikwa Marekani. Kina sura ya usingizi, ya kumbukumbu na ya msongo wa mawazo, lakini dini huenda haina hata sura moja. Inachungulia hapa kama njozi, pale kama kosa la kufikiri. Ukiomba iongezewe nafasi, utasubiri hadi mtaala upitiwe upya. Usiombe. Iba.

1. Anza na jina lisilotiliwa shaka. Siku ya historia ya somo, kila kitabu kinamtaja William James na kazi yake ya 1890. Wewe endelea mbele kidogo: mwaka 1901 na 1902 mtu huyo huyo alisimama Edinburgh akatoa mihadhara 20 kuhusu sala, toba na watu waliojiona wamekutana na Mungu, ikawa kitabu. Hizo ni dakika tatu. Mkuu wa idara akipita dirishani ataona "James" ubaoni, ataendelea na safari yake.

2. Freud usimfute. Mletee mgeni.

Kitabuni Freud husimama peke yake. Mwaka 1907 alifananisha ibada na vitendo vya mgonjwa anayelazimika kurudia jambo lile lile. Mwaka 1927 akaiita dini njozi. Watazame wanafunzi wako wanavyoandika. Yule binti amefunga Alhamisi ya sunna. Yule kijana ametoka mkesha alfajiri. Wanaandika, watajibu mtihani, na hakuna anayenyoosha mkono. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliandika "dini ni njozi" kwenye karatasi ya mtihani, nikapata alama zangu, jioni nikaenda kwenye khitma ya bibi nikalia pamoja na wengine. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwekwa meza moja yakazungumza. Nilibeba saikolojia mbili, ya chuo na ya nyumbani, kwa miaka mingi, na zilikuwa nzito.

Kwa hiyo mlete Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich aliyetumia mbinu za Freud kuwasaidia waumini wake. Waliandikiana barua tangu 1909. Freud alipotoa kitabu chake hicho cha 1927, alimhimiza rafiki yake ajibu hadharani, na mwaka 1928 Pfister akamjibu, tena katika jarida la wanasaikolojia wa kambi ya Freud mwenyewe, kwa kukipindua kichwa cha kitabu kile. Urafiki haukuvunjika. Darasa halisahau ugomvi wa marafiki, utumie.

3. Hapa ndipo pa kuiba dakika nyingi. Darley na Batson, 1973, wamo tayari kwenye silabasi, hivyo huhitaji ruhusa ya mtu. Wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton walitumwa jengo jingine, na njiani kulikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Waliokuwa na haraka kubwa, asilimia 10 walisaidia; wasio na haraka, asilimia 63. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumza juu ya Msamaria Mwema.

Darasa litacheka: watu wa dini hao! Liache licheke. Kisha uliza swali moja tu: walilinganishwa na wasio na dini gani? Watapekua kurasa. Hawatawapata. Wote 40 walikuwa wanaseminari. Jaribio linatueleza habari za haraka. Halina uwezo wa kusema kama muumini husaidia zaidi au kidogo kuliko jirani yake. Waache wabishane hadi kengele. Hapo utakuwa umefundisha dini na mbinu za utafiti kwa pigo moja, na ripoti yako itaandika "mbinu za utafiti".

4. Tumia majivuno yao. Allport na Ross, 1967, walitofautisha mtu anayeitumia dini yake na anayeiishi. Kila mmoja darasani atajiweka kundi la pili. Mpe dodoso alijaze mwenyewe, akasome majibu yake faraghani.

5. Kwenye sura ya huzuni, mtaje Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934. Aliandika juu ya afya ya mwili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana chanzo. Nafsi, neno lile lile lililomo katika elimunafsi yetu. Mwanafunzi Mwislamu atakaa wima kitini, na Mkristo aliye pembeni yake atauliza ni nini kingine hawakuambiwa.

6. Funga mzigo kwenye mtihani, maana kisichoulizwa hakisomwi. Swali langu ni hili: "Shangazi yako ana sonona. Ameacha dawa kwa sababu anaombewa. Wewe ndiye mshauri wake. Utaanzaje?"

Wanafunzi hawa watakwenda kukaa na mashangazi hao kwenye zahanati na shule zetu, kwa hiyo sahihisha kwa makini. Anayemkebehi shangazi, mkate alama. Anayesahau dawa, mkate pia. Alama zote mpe yule anayemwuliza kwanza: shangazi, ukiomba, huwa unaomba nini?