Mwulize Bi Kabati: Harusi Imevunjika, Kitenge Kimebaki

Tangu Idi ipite barua zimezidi. Kila nyumba ilifungua kabati kutafuta nguo ya sikukuu, na makabati mengi yamegoma kufungwa tena. Nimejibu chache. Zile za kuteta mawifi nimeziacha, mawifi nao wananiandikia.

*Shikamoo Bi Kabati. Nina sare za harusi kumi na kitu, zote za kitenge, zote nimevaa mara moja. Harusi tatu kati ya hizo zimeshavunjika, na bibi harusi mmoja nasikia ameolewa tena Mwanza. Mume wangu anasema nizitoe. Mimi nikikumbuka michango niliyotoa, roho inaniuma. — Mwanakamati, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Roho ikuume kwa mchango, maana ule haurudi. Kitenge hakina kosa, hakikula kiapo cha mtu.

Ila sare ina tabia yake. Huwezi kuivaa mara ya pili mbele ya watu wanaokujua. Ukienda nayo sokoni tu utasikia, "Hii si ya harusi ya Fulani?" na hapo itabidi usimulie talaka ya watu huku unachagua nyanya. Ndiyo maana zimelala kabatini. Tena fundi alikushonea yale mabega ya kusimama ya mwaka ule, ukipanda nayo daladala abiria wa pembeni haoni dirisha.

Zitandike kitandani, utazame mshono na uache kukumbuka ukumbi. Gauni la mwago, lile refu la kuburuza, lina kitambaa kingi. Hapo fundi mzuri anatoa gauni la mtoto na foronya mbili, na kipande cha kufunikia chapati kinabaki. Gauni la kubana mpaka magotini halina kitu. Hilo lilishakatwa vipande kwa ajili ya mwili wako, na mwili wenyewe ulikuwa ule wa wakati wa vikao. Mpe binti mwembamba wa mbali. Nasema wa mbali kwa sababu ukimpa wa mtaani, lile swali la sokoni litamfuata yeye, naye jibu atakuja kulidai kwako.

Bakiza moja. Ama ya harusi iliyodumu, ama ile uliyopendeza. Naandikia mtu mzima, najua utachukua ya pili.

*Bi Kabati, habari za leo. Mke wangu ametazama kipindi cha yule mama wa Kijapani anayefundisha kupanga nyumba. Sasa kila nguo anaikumbatia, anafumba macho, anasikiliza kama inampa furaha. Jezi yangu ya Simba, ya msimu tulioingia robo fainali ya Afrika, haikumpa furaha. Nimeikuta kwenye ndoo ya deki. Mke wangu ni Yanga. — Mnyama, Mbezi*

Pole sana, baba. Yule mama anaitwa Marie Kondo, na kipindi chake kilianza kuonyeshwa Netflix Januari 2019. Robo fainali yenu na TP Mazembe ilikuwa Aprili mwaka huohuo, kwa hiyo jezi na hukumu yake zimekua pamoja.

Mwambie mkeo kwamba Kondo mwenyewe anafundisha mtu apange vitu vyake na aviache vya mwenzake. Mwambie pia kwamba mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, mama huyo alikiri mbele ya waandishi kuwa kwake siku hizi kupanga kumelegea, muda anawapa watoto. Nilimpenda zaidi siku ile.

Hilo swali la furaha lenyewe huku kwetu halitoshi. Kanzu ya kuendea mazikoni haimpi mtu furaha, na nani atathubutu kuitoa? Koti la mvua halimfurahishi mtu mpaka siku ya Aprili amenasa Jangwani. Mimi huuliza nguo ina kazi gani inayofuata, na lini. Mwenye nguo akianza kujibu "siku moja", "labda", "huwezi jua", basi naitafutia mfuko.

Kuhusu jezi: itoe kwenye ndoo, ifue, ikague makwapa. Ikiwa imetoboka, kazi yake iliyobaki ni kulalia, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini uamuzi uwe wako. Kumwachia shabiki wa Yanga achambue jezi za Simba ni kumkabidhi fisi bucha.

*Bibi, nina suruali tano za kiuno 30, nimezihifadhi kwenye rambo juu ya kabati. Nikipungua nitazivaa. Nisubiri? — Bado Kidogo, Kimara*

Mwanangu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hesabu mwenyewe umekuwa ukipungua tangu lini. Zitoe, na huo mfuko usipite nao barabarani.

*Shikamoo bibi. Mama yetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Ameacha sanduku la kanga limejaa mpaka kifuniko hakishuki. Tupo wasichana watatu na kaka mmoja, na mama wadogo nao wanasema wana haki yao. Dada mkubwa anataka kila doti ikatwe, huyu kipande na huyu kipande, pasiwe na ugomvi. — Kitinda Mimba, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Amina.

Tuanze na lililo zito. Kama ninyi ni Waislamu, kanga zile zimo kwenye mirathi sawa na shamba, na kaka yenu ana fungu lake hata kama hajawahi kujifunga kanga. Mama wadogo, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, hawarithi. Wakipewa ni kwa ridhaa yenu warithi, na mimi ningewapa. Shehe wa mtaani kwenu atawapangieni vizuri kuliko mimi.

Doti isikatwe kwa ajili ya amani. Kanga moja hujifungwa kiunoni, ya pili hujitandwa. Ukimpa mtu moja umempa taulo, na ugomvi utabaki palepale.

Toeni sanduku zima mzianike kivulini, jua litazifubaza. Mtakuta nyingine bado mpya, vipande viwili vimeshikana, havijakatwa wala kupindwa. Hizo mama alizinunua kwa shughuli ambazo hakuwahi kuziona. Zina bei dukani, kwa hiyo kuzigawa ni rahisi. Kazi ipo kwenye zile kuukuu, zilizofuliwa mpaka maandishi yamefifia, zenye doa la manjano pembeni na harufu ya udi isiyotoka. Hizo hazina thamani sokoni, na ndizo mtakazolilia. Kama kati yenu yupo mwenye mimba au mtoto mchanga, achague yeye kwanza. Mtoto hubebwa kwa kanga laini, na kanga haiuzwi ikiwa laini, hulainishwa na miaka ya kufuliwa.

Tazameni pia alama pindoni. Mkikuta ya zamani yenye K.H.E. na Mali ya Abdulla, hiyo ni kazi ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Asitokee mtu akaifanya pazia la dirisha la jikoni.

Halafu, kabla hamjamgawia yeyote, someni jina. Mama zetu hawakununua kanga kwa ajili ya maua peke yake. Mkikuta doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", imevaliwa mara chache, tena kwenye mwaka ule jirani wa kulia alipojenga ukuta, hiyo msimpelekee jirani wa kulia iwe kumbukumbu ya marehemu. Ataisoma. Pengine alishaisoma zamani, siku mama alipopita dirishani kwake mara nne kwenda kununua chumvi.

*Bi Kabati, nimejaza salfeti mbili za nguo nipeleke kwa ndugu zetu kijijini, Singida. Nyingine zipu zimekufa, nyingine zina madoa ya jiki. Mume wangu anasema ni kuwadharau watu. Mimi naona mwenye shida hachagui. — Mama Huruma, Kinondoni*

Mumeo yuko sahihi, dada yangu, na mimi si mtu wa kuwapa wanaume haki hovyo.

Mchuuzi wa Karume akinunua belo la mitumba, mara nyingi la kilo 45, hulinunua limefungwa, ndani hakuoni. Akilifungua akakuta mashati ya madoa, hasara ni yake. Aliyeyatupa huko Ulaya hamjui, hana wa kumlalamikia. Shangazi yako wa Singida anakujua. Atafungua salfeti mbele ya majirani waliokuja kusaidia kuishusha, na kila sketi isiyofungika itakuwa salamu yako.

Kwa hiyo badili zipu kabla ya kupakia. Za madoa ya jiki zikate matambara, za pamba tu, maana nailoni hainyonyi maji na hata kwa deki haifai. Kinachobaki kifue na kukipiga pasi. Na ungepiga simu kwanza. Singida mwezi Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo mkali, nawe umejaza vitopu vya joto la Dar. Sweta zima moja lingewafaa kuliko salfeti zote mbili.

Nafasi imekwisha. Wiki ijayo ni zamu ya viatu. Mnaotunza kiatu cha mguu mmoja mkingoja mwenzake aonekane msiniandikie, jibu mnalijua.